Nililipia MRI ya matiti yenye sindano, sindano sikuchomwa

Sitaitaja hospitali. Iko Dar es Salaam, jengo linang'aa, kiyoyozi kinafanya kazi, na habari za nguvu ya mashine yao ya MRI, ile ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, wamezibandika wenyewe ukutani pale mapokezi, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea. Mimi nazungumzia sindano moja tu, ambayo niliilipia na sikuchomwa. Nyota moja, na hiyo nayo naitoa kwa shingo upande.

Nina saratani ya titi la kulia. Majibu ya kinyama, kile kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa kwenda kupimwa, yalitoka kipindi cha masika, madaktari wangu wakakaa pamoja, wakaamua nianze na kemo, yaani dripu za dawa za saratani, uvimbe usinyae kwanza, upasuaji ufuate. Kabla ya dripu ya kwanza wakataka MRI. Uvimbe ulikuwa umeshaonekana kwenye mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na ultrasaundi. Walichotaka sasa ni mishipa ya damu inayoulisha: inatokea upande gani, minene kiasi gani, damu inaingia na kutoka kwa kasi gani. Ramani hiyo hupigwa kabla ya kemo, hurudiwa katikati ya matibabu, kisha zinalinganishwa. Damu inayofika kwenye uvimbe ikianza kupungua, hiyo ni dalili kwamba dawa inaushika, na wakati mwingine dalili hiyo hutangulia hata kabla uvimbe haujapungua kwa vipimo vya rula. Lakini ukishaanza kemo bila ramani ya kwanza, imekula kwako. Hakuna siku utakayoipiga tena.

Sasa elewa kwa nini sindano ndiyo kila kitu. Daktari alinieleza kwamba mishipa ya saratani inajengwa harakaharaka, bila mpangilio, na kuta zake zinavuja, kama mabomba ya watu waliojiungia maji usiku. Ukichomwa dawa ya rangi, ambayo ni gadolini, inaingia kwenye uvimbe kwa kasi na mara nyingi inatoka kwa kasi vilevile. Kwenye nyama nzima ya titi inapanda taratibu. Kwa hiyo mashine inapiga kwanza bila dawa. Halafu dawa inasukumwa na pampu kupitia kanula, kile kijimrija cha kwenye mshipa wa mkono, maji ya chumvi yanaifuata, na picha zinarudiwa tena na tena, kila baada ya dakika moja hivi, kwa dakika kadhaa. Mwisho kompyuta inaiondoa ile picha ya mwanzo kwenye zile za baadaye, na kinachobaki kinang'aa ni pale tu dawa ilipofika. Ukitoa sindano hapo, ramani itatoka wapi?

Siku ya kwanza nilifika mapema, nimeshika mkononi karatasi ya daktari na majibu ya damu. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilikuwa sawa, figo hazina tatizo, yote yameandikwa. Kwa hiyo asije mtu akasema walinikinga na dawa kwa sababu ya figo. Nikavua hereni, nikavua mkufu, nikatoa pini zote za mtandio, nikapewa gauni linalofunguka mbele. Chumbani kulikuwa na dada mmoja wa mionzi ambaye hakunisalimia wala kuitikia salamu yangu. Akanionyesha kitanda kwa kidevu.

Kwa asiyejua, unalala kifudifudi. Matiti yanashuka ndani ya matundu mawili, mikono imenyooshwa mbele, uso umezama kwenye mto wenye uwazi, huoni chochote ila plastiki nyeupe. Nikiwa katika hali hiyo nikamuuliza kwa upole kabisa:

"Samahani mdogo wangu, ile sindano mtanichoma saa ngapi?"

"Mama, tulia. Wenzio wanasubiri."

"Daktari ameandika na dawa ya rangi, karatasi iko hapo."

"Mama, hii kazi nimeisomea. Picha ni picha."

Picha ni picha! Mgonjwa yuko kifua wazi, hawezi hata kugeuza shingo kukutazama, ameuliza kitu kilichoandikwa kwenye karatasi uliyoishika mkononi, na wewe unamjibu hivyo. Mashine ikaanza kugonga, nikalala mle ndani hadi ikanyamaza, nikatolewa. Mkono wangu hauna hata kipande cha pamba.

Daktari wangu wa upasuaji aliweka CD kwenye kompyuta, akapekua, akarudi mwanzo, akapekua tena. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, hawakukuchoma dawa?" Nikamwambia sikuchomwa, na niliuliza. Akavua miwani. Kwenye ripoti, chini kabisa, kulikuwa na mstari mmoja mdogo: kipimo kimefanyika bila kontrasti, yaani bila dawa ya rangi. Sababu haikuandikwa. Akaniambia MRI ya matiti bila dawa ina kazi zake, kwa mfano kuangalia kama silikoni ya mtu aliyewekewa imepasuka, na kwamba kuna picha za jinsi maji yanavyotembea kwenye tishu ambazo nazo zinasaidia. Lakini mishipa inayolisha uvimbe wangu na kasi ya damu yake, hamna. Na kemo ilikuwa imeshapangwa.

Nilirudi kaunta siku hiyohiyo na risiti yangu. Risiti inasema, kwa herufi kubwa, MRI matiti na kontrasti. Yule wa dirisha akapiga simu ndani, akasikiliza, akaniambia, "Dawa ilikuwa imeisha, mama. Tungefanyaje?"

Mngeniambia! Dawa kuisha naelewa, mimi ni Mtanzania, nimeshaambiwa dawa imeisha tangu nikiwa mtoto nabebwa mgongoni. Mngesema rudi wiki ijayo, au nenda kwingine, ningekwenda. Mkanilaza, mkanipiga picha msizoombwa, mkachukua pesa ya sindano, mkaniachia nibebe CD hadi kwa daktari kama vile kazi imefanyika. Kama daktari wangu angekuwa mtu wa kusoma ripoti juujuu tu bila kufungua picha, ningeanza kemo na ramani isiyokuwepo.

Nimesoma sana tangu hapo, na kila nilichosoma kimenizidishia hasira. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujiitia mishipa yake mipya ya damu. Kwa miaka mingi wenzake wengi hawakumwamini. Leo zipo dawa za saratani zilizotengenezwa kwa wazo hilo, na ipo mashine inayoweza kumwonyesha mwanamke wa Temeke mishipa hiyo ndani ya titi lake akiwa hai, bila kisu. Kazi yote hiyo ya watu inakuja kukwama kwa mtu mmoja aliyeona uvivu kusema "dawa imeisha".

Haya. Sasa nilazimike kuwa mkweli, kwa sababu nilirudi palepale. Kwingine foleni ilikuwa ndefu kuliko muda niliokuwa nao. Dada yangu alinisindikiza, tena alikuja amejiandaa kugombana.

Safari hii alikuwepo kijana mwingine. Akatuamkia, akavuta kiti, akaisoma karatasi ya daktari mbele yangu mstari kwa mstari. Akaangalia kreatinini. Akauliza kama nina pumu au mzio, kama nina chuma chochote mwilini. Akaniuliza kwa sauti ya chini niko siku ya ngapi ya mzunguko wangu, akaeleza kwa nini: katika siku fulani za mwezi nyama ya kawaida ya titi nayo huvuta dawa zaidi na kuchafua picha, na wiki ya pili ndiyo nzuri, ila kwa mtu ambaye saratani yake imeshathibitishwa hawamsubirishi, daktari atakayesoma picha anaandikiwa tu siku hiyo. Akakitoa kichupa cha dawa, akanionyesha, tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka. Akatafuta mshipa kwa utulivu, akaweka kanula, akaijaribu kwa maji ya chumvi kwanza kuona kama inavuja.

"Mama, dawa ikiingia utasikia ubaridi unapanda mkononi. Ni kawaida. Kuanzia hapo nakuomba usitikisike, kwa sababu picha zinaondolewa moja kwenye nyingine, ukisogea kidogo tu zinakataa kulingana. Kipira hiki hapa, ukizidiwa bonyeza."

Ubaridi ukapanda kama alivyosema. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda kilekile, mle mle, na niliona kama nimehamishiwa nchi nyingine. Kila baada ya muda akaniambia kwenye spika tumefika wapi.

Daktari alipozifungua hizo picha, alizizungusha kwa kipanya, matiti yote mawili yanazunguka gizani na mishipa imewaka nyeupe. Kushoto ni nyuzi nyembamba. Kulia kuna mshipa mnene umetoka upande wa kwapa, umeenda moja kwa moja kwenye uvimbe, na mwingine mdogo umetokea ndani, pembeni ya mfupa wa kifua. Akanionyesha mstari wa grafu: dawa imepanda ghafla, kisha imeanza kushuka. Akasisitiza kwamba mstari wa namna hiyo peke yake hautoi hukumu, hata uvimbe usio saratani unaweza kufanya hivyo, ndiyo maana kinyama kilitangulia. Akasema pia ile mishipa ya pembeni ya mfupa wa kifua atataka kuitazama vizuri kabla ya upasuaji, kwa kuwa ni miongoni mwa inayolisha ngozi na chuchu, na tukiamua kuibakiza chuchu atahitaji kujua ipi asiikate.

Nililia, sifichi. Kwa mara ya kwanza niliuona ugonjwa wangu una njia, una mlango wa kuingilia, na mtu anayejua mlango uko wapi. Kwa kipimo hicho nawapa nyota tano. Yule kijana nampa zote.

Halafu nikafika dirishani. Wakanitoza upya, bei kamili, yote. Mara ya kwanza nililipia kwa bima, nayo haiwezi kulipa mara mbili kwa kipimo kilekile ndani ya muda mfupi, kwa hiyo nikatoa mfukoni, pesa iliyokuwa imewekwa ya nauli na dawa za kichefuchefu. Nikaambiwa kurudishiwa ya mwanzo "ni utaratibu". Nyota tano zikashuka hapohapo. Niseme tatu? Nikikumbuka ile picha inazunguka nasema tatu. Nikikumbuka "picha ni picha" narudi kwenye moja.

Mwanamke mwenzangu, ukiandikiwa kipimo hiki, popote pale, uliza kabla hujalipa kama dawa ipo siku hiyo. Uulize tena kabla hujavua nguo. Ukishafika kitandani na hujawekewa kanula, kaa kitako, usilale, na usijali nani anasubiri nje. Ukitoka, hakikisha CD ina picha zote za kabla na baada ya sindano, si ripoti na vipande vichache.

Barua ya kudai pesa yangu iko kwa mkurugenzi, na nakala ya risiti zote mbili nimeambatanisha. Kemo nimeanza. MRI ya katikati inakaribia, na nimeshapiga simu kuulizia zamu za yule kijana.