Udongo wa polima na ile stika ya bei: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nianze na stika, kwa sababu bila ile stika nisingekuwa na hasira hii hadi leo. Ni kakaratasi keupe, kadogo kuliko kidole gumba, bei imeandikwa kwa kalamu ya wino. Duka lilikabandika nyuma ya boksi la udongo wa kufinyangia mapambo, juu kabisa ya sehemu ambayo kiwanda kilichapa namna ya kutumia udongo. Boksi lina nafasi pande zote sita. Maandishi mengine yote ni ya Kichina, kwa hiyo kitu pekee ambacho mtu kama mimi angekielewa ni kijimchoro cha oveni na namba 130. Na ndicho kilichofunikwa.

Mimi ni mtu wa ofisini. Asubuhi naamkia Mtumba, jioni narudi Ilazo, na tangu mwanangu wa mwisho aende bweni nyumba imekuwa kimya. Siku moja kwenye simu nikamwona binti anafinyanga hereni za matunda, ndogo kama punje za mahindi, rangi zimekolea. Nikawaza zabibu. Hapa kwetu wageni wanaokuja na treni ya mwendokasi wanaondoka na zabibu kwenye mifuko, lakini sijawahi kuona mtu amevaa zabibu za Dodoma masikioni. Wazo hilo halikuniacha.

Duka sitalitaja. Liko katikati ya mji, linauza madaftari, rangi na vitu vya sanaa. Nilimkuta kijana wa kaunta, nikachagua seti yenye rangi nyingi, nikamuuliza vizuri tu: "Mwanangu, huu udongo unakauka vipi?" Akanijibu huku anaangalia simu yake: "Unaanika tu mama. Kwa jua hili la Dodoma, nusu siku tayari."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Yeye ndiye muuzaji.

Kazi yenyewe niliipenda tangu dakika ya kwanza, na hilo lazima niliseme. Udongo unatoka kwenye karatasi yake ukiwa mgumu, ukiuvunja unameguka kama jibini. Unaukanda, unaukunja, unaukanda tena, joto la viganja linauingia, na ghafla unalainika unakuwa kama unga wa chapati uliolala. Mweusi ulikuwa mgumu kuliko zote. Niliuweka mfuko wa gauni nusu saa upate joto la mwili, na bado ukanidai tone moja la mafuta ya mtoto ndipo ukakubali. Nikachanganya zambarau kwa mkono wangu: nyekundu, buluu, na chembe ya nyeusi, nikapata aina tatu, moja iliyoiva, moja ya katikati, moja ambayo bado ina ukijani kwenye kikonyo. Punje nikaziviringisha moja moja chini ya kidole, kubwa juu, ndogo chini, kichala kikaning'inia kama kile cha shambani. Majani nikayakata kwa wembe, mishipa ya jani nikaichora kwa ncha ya sindano. Usiku wa kwanza nililala saa saba. Usiku wa pili nikamaliza jozi kumi na mbili.

Asubuhi nikazipanga kwenye sinia, nikazitoa barazani.

Siku ya kwanza, laini. Nikajipa moyo kwamba kulikuwa na mawingu. Siku ya pili jua lilikuwa la kupasua bati, nikarudi kutoka kazini nikabonyeza punje moja kwa ukucha, ukaacha alama kama mwezi mwandamo. Siku ya tatu upepo ukavuma, ule wetu wa kiangazi unaobeba barabara nzima. Vumbi jekundu likaganda kwenye kila punje, maana udongo ukipata joto la jua hautoki maji, unazidi kunata tu. Siku ya nne vichala viwili vilikuwa vimelegea na kuegemeana. Nilisimama pale barazani na sinia mkononi, na nakiri machozi yalinilenga. Nilidhani mikono yangu ndiyo haifai.

Aliyeniokoa ni jirani yangu anayeoka keki za sherehe. Alikuja kuazima ndoo, akaliona boksi, akalishika kama mtu aliyezoea kusoma paketi za vitu, akakwangua kona ya stika kwa ukucha. "Dada, mbona hapa chini kuna namba?" Tukaimalizia kwa kitambaa chenye mafuta ya kula. Oveni. 130.

Siku nne!

Baadaye nikajisomea na nikaelewa ni kwa nini jua la Dodoma, au la jangwa lolote, lisingenisaidia. Jina ni udongo lakini hakuna udongo ndani yake. Ni unga wa plastiki, ile PVC ya mabomba, uliochanganywa na kimiminika cha kulainisha na rangi. Hauna maji ya kukauka. Unahitaji joto la kutosha ili zile chembe za plastiki zishikane ziwe kitu kimoja, na mpaka ulipate, utabaki laini wiki, mwezi, na zaidi. Upo udongo mwingine wa sanaa ambao kweli unakauka kwa hewa, na duka lile lile linauuza, uko rafu ya chini. Labda kijana alichanganya. Kwa hiyo kijana nimemsamehe, tena kwa moyo mweupe.

Mwenye duka ndiye niliyeshindwa kumsamehe. Nilirudi Jumamosi na boksi langu pamoja na sinia la vichala vyenye vumbi, si kwa ugomvi, nilitaka wajue ili mwingine asipate hasara kama yangu. Akaligeuza boksi akaniambia: "Mama, stika umeibandua. Boksi likishatoka stika halituhusu." Nikamwonyesha kwamba stika ndiyo iliyoficha maelekezo. Hakuangalia. Akaliangalia sinia, akacheka, akasema mbele ya wateja wote waliopanga foleni: "Na wewe mtu mzima kabisa unachezea udongo wa watoto?"

Watu wakacheka. Mmoja alikuwa na umri wa binti yangu.

Hata leo nikikumbuka, masikio yanapata moto. Sikudai pesa yangu. Niliomba asikilize tu. Mtu mzima akipata kitu cha kumtuliza baada ya kazi, kisichomdhuru mtu, anachekwa kwa lipi? Bibi zetu walifinyanga vyungu hadi uzee wao na hakuna aliyewaambia wanachezea matope. Nilitoka pale nikaapa kuandika neno moja tu: msinunue.

Lakini haki ya udongo ni haki yake. Niliporudi nyumbani niliona siwezi kuutupa, kwa sababu ule udongo usiokauka ulikuwa na fadhila moja: bado ulikuwa hai. Nikachukua pamba na spiriti, nikaanza kufuta vumbi punje kwa punje. Jozi saba hazikufaa. Tano zikarudi rangi yake.

Oveni ya jirani alinikatalia, na alikuwa na haki. "Dada yangu, hii inalisha watu." Kitu kilichogusa udongo huu hakirudi jikoni, iwe kisu, iwe sinia, iwe mti wa kusukumia chapati. Nikanunua kwa fundi oveni ndogo ya mezani, ya mtumba, ya kazi hii peke yake. Jaribio la kwanza niliweka vipande vya majaribio, namshukuru Mungu si hereni zenyewe, nikageuza kisahani cha kupangia joto hadi 130. Baada ya dakika kumi nyumba ilijaa harufu ya kuchoma macho na koo, na vipande vyeupe vilikuwa vya kahawia kama maandazi. Kisahani kilikuwa kinadanganya. Nikaagiza kipimajoto cha oveni kutoka Kariakoo, kikaja na basi, nikakipokea stendi ya Nanenane, nikakiweka ndani: kisahani kikisema 130, ndani inakaribia 180. Joto hilo ni hatari, plastiki hii ikiungua inatoa mvuke wa asidi. Anayeanza anunue kipimajoto kabla ya kununua rangi ya pili, na madirisha yawe wazi.

Hapo ndipo hasira ya stika ikanirudia upya. Kumbe namba hizo hazifanani kwa kila udongo! Fimo ya Ujerumani imeandikwa nyuzi 110. Sculpey ya Marekani inataka kama 130. Muda nao unategemea unene, kwa ule wa 130 ni dakika 15 hadi 30 kwa kila milimita sita. Ukichoma chini ya joto lake, kitu kinatoka kinaonekana kizuri na wiki ijayo kinakatika mkononi. Ukizidisha, kinaungua. Kwa hiyo ile namba nyuma ya boksi si pambo, ndiyo bidhaa yenyewe. Kuifunika ni sawa na kuuza dawa ukiwa umefuta kipimo.

Nikarekebisha kisahani mpaka kipimajoto kikatulia kwenye 130, nikatandika karatasi ya kuokea, nikaingiza jozi zangu tano, nikakaa kwenye kigoda mbele ya kile kioo nusu saa nzima bila kugusa simu. Zilipotoka zilikuwa bado na ulaini kidogo, moyo ukanishtuka. Zikapoa. Nikaigonga moja mezani: ko, ko. Ngumu. Nikaibonyeza kwa ukucha, ukucha ndio ulioumia. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya nyumba.

Jumatatu nikazivaa kazini. Mwenzangu wa meza ya pili alinyoosha mkono akazigusa, akauliza nimezitoa nchi gani. Nikamwambia Ilazo. Jozi moja nimempa jirani, nyingine imekwenda Dar na shangazi.

Sasa niseme nini kuhusu seti yenyewe? Nyeusi ni ngumu, nyeupe inashika kila vumbi kwa hiyo ikande kwanza kabla hujagusa rangi nyingine, na vile visu vya plastiki vilivyokuja nayo havina kazi, wembe na sindano vinatosha. Ifunge kwenye kopo la plastiki lenye namba 5 ndani ya kipembetatu chini yake, maana niliiweka kwenye kasha gumu linalong'aa, udongo ukalila hadi likawa linanata. Na isikae karibu na dirisha wala ndani ya gari, kwa joto la huku. Zaidi ya hapo, ningeipa nyota nne. Hapana, tano, kwa jioni ambazo imenipa. Duka halipati kwangu hata nusu nyota, na nilikusudia nisikanyage tena.

Nimekanyaga. Juzi hapa nilihitaji zambarau, na kuagiza Dar ni siku mbili. Kijana ni yule yule, akanipa shikamoo, akanihudumia kwa adabu. Maboksi yamejaa rafuni, na stika ziko pale pale. Nilimwonyesha. Akasema bosi ndiye anayebandika.

Mbele yangu alikuwa binti wa sare ya shule, ameshika boksi moja kifuani, anahesabu noti za elfu moja moja na sarafu juu ya kaunta. Nilimsubiri nje. Nikamwomba boksi, nikaibandua ile stika taratibu kwa ukucha, nikamwonyesha kijimchoro na namba, nikamweleza habari ya jua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mama, kwetu hatuna oveni."

Nimemwambia afinyange, akimaliza avilete kwangu kwenye sahani iliyofunikwa, vumbi lisiingie. Anatengeneza mbuyu. Nimemwekea kipimajoto tayari.