Gharama na faida au kupiga alama: ipi ipime sera ya ziwa?

Ukipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki pale Mwanza, ukakuta watu wanabishana kama Ziwa Victoria lifungwe kwa muda dagaa wazaliane, utaona kila mtu ana hesabu yake, sasa na wachumi nao hivyohivyo, wana njia mbili za kupima sera.

Njia ya kwanza ni gharama na faida, kila kitu unakigeuza shilingi: kipato ambacho wavuvi watakosa, samaki watakaoongezeka baadae, unatoa hiki kwa kile, ikibaki chanya twende. Haina longolongo. Ila hela ya kesho huhesabiwa ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo kuna asilimia ya kuishusha thamani, hapo ndo pa kukaza macho. Milioni 1 ya miaka 20 ijayo ukiishusha kwa asilimia 10 kwa mwaka, leo inakua kama sh. 149,000 tu, ukitumia asilimia 3 inafika 554,000 hivi. Ziwa lilelile! Anayechagua asilimia kashachagua jibu.

Ya pili unapiga alama: kipato, usafi wa maji, ajira za akina mama wanaoanika dagaa, kila kigezo unakipa alama na uzito wake. Hapa hata furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, ambao wengi walipotea baada ya sangara kuletwa miaka ya 1950, wanahesabiwa bila kutafutiwa bei (nani atakuuzia furu aliyeisha?). Ila uzito anapanga nani? Mwachie mwenye kiwanda cha minofu uone.

Mi kwa barabara au soko natumia ya kwanza. Kwa ziwa naanza na alama, mama wa dagaa akiwa mezani, hela tutahesabu baadae.