ATPDraw katika kutafuta hitilafu za laini ndefu za umeme: uzoefu wangu

Breka za laini ya kusafirisha umeme zinapofunguka na kukataa kurudi, swali la kwanza kutoka chumba cha uendeshaji ni hitilafu iko kilomita ya ngapi. Rilei, yaani kifaa cha ulinzi kinachotambua hitilafu na kuamuru breka zifunguke, hujibu kwa namba yenye nukta ya desimali, na nukta hiyo huwafanya watu waiamini namba kuliko inavyostahili. Mimi ni mhandisi wa ulinzi wa mitambo katika gridi ya msongo wa kilovoti 220, na ninaitumia programu ya kompyuta ya ATPDraw, ya kuiga mwenendo wa umeme katika gridi, kupima ni kwa kiasi gani namba ya rilei inaweza kuaminika katika laini husika, kabla gari la doria halijaingia kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaopitiwa na laini. Ninaandika kwa ajili ya wahandisi wenzangu wanaofikiria kuanza kuitumia.

Kwanza ni vizuri kutofautisha vitu viwili. ATPDraw ni ukumbi wa kuchorea tu, ulioandaliwa na Hans Kristian Høidalen wa Norwei. Hesabu zenyewe hufanywa na programu ya ATP, ambayo ilianza mwaka 1984 na ina asili moja na programu ya EMTP, ya kukokotoa mabadiliko ya ghafla ya umeme, iliyojengwa katika shirika la umeme la Bonneville Power Administration la Marekani kwa misingi ya mhandisi Hermann Dommel. Makala ya Dommel ya mwaka 1969 ndiyo iliyoweka njia inayotumika hadi leo: kila koili na kila kapasita hugeuzwa kuwa ukinzani ulioambatana na chanzo cha mkondo kinachobeba kumbukumbu ya hatua iliyopita, kisha mtandao mzima hutatuliwa upya katika kila hatua ndogo ya muda. Anayefahamu jambo hilo moja huelewa karibu kila tabia ya programu hii, nzuri na mbaya.

Sehemu niliyonufaika nayo zaidi ni ile ya kujenga laini kutokana na umbo lake halisi. Unaingiza urefu wa mnara, nafasi kati ya waya za fezi, kipenyo cha waya, mlegeo wake katikati ya minara miwili, waya wa kinga wa juu, na ukinzani mahsusi wa udongo. Programu inakokotoa impidansi zote, yaani jinsi laini inavyouzuia mkondo geu, kisha ina kipengele cha kukagua laini kinachorejesha thamani za mfuatano chanya (fezi tatu zikiwa katika mizani) na mfuatano sifuri (mkondo ukirudi kupitia ardhi), ambazo unaweza kuzilinganisha na zile zilizowekwa ndani ya rilei. Hapo ndipo mambo mengi hujitokeza. Thamani ya mfuatano sifuri huandikwa kwenye mipangilio ya rilei siku laini inapozinduliwa, mara nyingi kwa kunakili kutoka jedwali la usanifu, na miaka hupita bila mtu kuihoji.

Chukua mfano wa laini yenye reaktansi (sehemu ya impidansi inayotokana na usumaku wa waya) ya mfuatano chanya ya omu 0.4 kwa kilomita. Rilei imeambiwa kwamba mfuatano sifuri ni mara 3 ya hapo, lakini kwa kweli ni mara 2.5. Fezi moja ikigusa ardhi katika kilomita ya 80, bila ukinzani wowote mahali pa hitilafu na bila mchango wa mkondo kutoka upande wa pili, mzunguko halisi una omu 48. Rilei itazigawa omu hizo kwa 0.667 na kutangaza kilomita ya 72. Hizo ni kilomita 8 za mkuza usiohusika, na minara ikiwa imepishana mita 400, mafundi watapanda na kukagua vikombe (vihami) vya minara ipatayo 20 ambayo haina kasoro. Wakati huo wote wateja wako gizani au wanalishwa na laini moja iliyobaki.

Udongo nao una neno lake. Mkondo unaorudi kupitia ardhi hupita kana kwamba kuna waya uliozikwa kina cha takriban mita 930 iwapo ukinzani mahsusi wa udongo ni omu-mita 100 na masafa ni hezi 50; udongo ukiwa mkavu na wa mawe, wenye omu-mita 1,000, kina hicho hufika karibu mita 2,900. Kwa laini isiyo na waya wa kinga, badiliko hilo peke yake huongeza takriban omu 0.2 kwa kila kilomita katika reaktansi ya mfuatano sifuri. Laini inayotoka bonde la mto na kupanda nyanda kavu haina thamani moja inayofaa urefu wake wote, na ATPDraw inakuruhusu kuikata vipande na kukipa kila kipande udongo wake. Mipangilio ya rilei nyingi haina nafasi ya kufanya hivyo. Ninawasihi wenzangu wasiiache thamani ya udongo inayokutwa imejazwa tayari kwenye fomu. Wapime, au angalau wajaribu thamani mbili za mbali na kuona jibu linayumba kiasi gani.

Kazi ya pili ninayoithamini ni kurudia jaribio kwa kubadilisha umbali na ukinzani wa hitilafu bila kuchora upya. Mti ulioegemea waya hauna tabia sawa na kikombe kilichopasuliwa na radi. Ukinzani unapokuwa mkubwa, na upande wa pili wa laini nao ukawa unalisha hitilafu, mikondo miwili isiyolingana kwa pembe hukutana katika ukinzani uleule, na rilei ya upande mmoja huona sehemu yake kama reaktansi isiyokuwepo. Mtafiti Takagi na wenzake walionyesha mwaka 1982 jinsi ya kupunguza kosa hilo kwa kuondoa mkondo wa mzigo uliokuwapo kabla ya hitilafu. Nimeuweka utaratibu huo kando ya ule wa reaktansi ya kawaida katika mfano mmoja, na kwa laini yenye mzigo mzito tofauti kati yake ilitosha kunishawishi kwamba kumbukumbu za rilei zinapaswa kuhifadhi pia mizunguko michache ya kabla ya tukio.

Njia nyingine ya kupata umbali ni kupima muda wa kufika kwa mawimbi ya umeme yanayosafiri kutoka kwenye hitilafu kuelekea vituoni; hapo chaguo la mfano wa laini, yaani namna inavyowakilishwa katika hesabu, ndilo linaloamua. Mfano wa pai, unaoikusanya laini katika vipengele vichache, unatosha kwa hesabu za hezi 50, lakini hauwezi kukuonyesha wimbi likifika kituoni. Kwa hilo unahitaji mfano wa Bergeron, unaozingatia muda wa wimbi kusafiri, au wa JMarti unaozingatia kwamba ukinzani na induktansi hubadilika kulingana na masafa. Hatua ya muda lazima iwe fupi kuliko muda wa wimbi kupita kipande kifupi kuliko vyote kwenye mchoro. Katika laini ya kilomita 200, wimbi likienda kwa takriban mita 294 kwa mikrosekunde na kufika kituo cha kwanza mikrosekunde 180 kabla ya cha pili, hitilafu iko kilomita 73.5 kutoka kituo cha kwanza, na kosa la mikrosekunde 1 katika saa za vituo hivyo husogeza jibu kwa takriban mita 150. Ukiwa na kifaa upande mmoja tu, kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwangwi kutoka kwenye hitilafu huchanganyika na ule wa mwisho wa laini na wa matawi yake. Kuuchora mtandao na kuona kila mwangwi unatoka wapi kulinifundisha zaidi ya maelezo yoyote niliyosoma. Hakikisha pia umeijenga transfoma ya kapasita ya kupimia volti ndani ya mfano, kwa kuwa hiyo huchuja masafa ya juu na kuifanya volti isiaminike kwa kazi hii. Mkondo hupita salama zaidi.

Kasoro zipo, na baadhi zinachosha. Swichi inapokata mkondo wa koili, volti huanza kuruka juu na chini katika kila hatua. Huo si umeme, ni matokeo ya kanuni ya trapeza, njia ya makadirio inayotumika katika hesabu, na dawa yake ni kuweka ukinzani sambamba na koili. Anayeanza anaweza kudhani amegundua jambo kubwa kwenye gridi yake. Ujumbe wa makosa ni mgumu kusomeka, kwa sababu nyuma ya michoro bado kuna faili lenye safu wima zilizorithiwa kutoka enzi za kadi za kutoboa, na namba ikisogea nafasi moja maana yake hubadilika. Mfano wa JMarti nao wakati mwingine hutoa matokeo yanayokua bila kikomo, hasa kwa laini fupi, kwa hiyo sikubali matokeo yoyote kabla sijaukagua ulinganifu wake na laini halisi katika masafa mbalimbali.

ATPDraw hailipiwi. ATP pia hailipiwi, ila inahitaji leseni, na mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba hashiriki katika biashara ya EMTP. PSCAD, programu nyingine ya aina hii kutoka Kanada, ni nyepesi zaidi kuitumia na huzishughulikia vizuri zaidi swichi za elektroniki, na kama kazi yangu ingekuwa kwenye laini ya mkondo mnyoofu (DC) kama ile ya Inga hadi Kolwezi nchini Kongo, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, ningeomba ofisi iinunue. Kwa laini za mkondo geu (AC), mahali ambapo bajeti ya programu ni ndogo na vipimo vya minara vinapatikana kwenye makabati ya michoro, ATPDraw inatosha na kuzidi. Kwa laini fupi ya msongo wa kilovoti 33 yenye matawi mengi na isiyo na kumbukumbu za mikondo, sioni sababu ya kuianza. Viashiria vya hitilafu vilivyofungwa kwenye nguzo vitawafikisha mafundi mapema zaidi.