Body Worlds, Amsterdam: nani alitia saini?

Kwa mtu aliyelelewa mahali ambapo maiti huoshwa, huvishwa sanda na kuharakishwa kaburini, kulipa kiingilio ili kutazama maiti zilizochunwa ngozi si jambo jepesi, na nakiri kwamba niliupita mlango wa jengo la onyesho la Body Worlds, katika mtaa wa Damrak, mara mbili kabla ya kuingia.

Kama somo la mwili, onyesho ni zuri mno. Mbinu aliyoibuni mwanzilishi wake, mwanaanatomia Mjerumani Gunther von Hagens, mjini Heidelberg mwaka 1977 huondoa maji na mafuta kwa kemikali ya asetoni na kujaza plastiki mahali pake, hivyo kinachobaki hakinuki wala hakiozi. Nilikaa muda mrefu mbele ya mishipa ya damu iliyoachwa peke yake, bila nyama wala mfupa, myekundu na myembamba kama matumbawe. Pafu la mvutaji sigara, jeusi tititi kando ya pafu zima, halihitaji maelezo.

Hata hivyo, onyesho la namna hii silipimi kwa ustadi wa mafundi, bali kwa hati aliyoitia saini marehemu akiwa hai. Waandalizi wanaeleza kwamba miili mizima ni ya watu waliojitolea kwa maandishi. Hapo ndipo linapotofautiana na Bodies: The Exhibition, lililotumia maiti kutoka China ambazo hazikudaiwa na ndugu. Mwaka 2008, kwa makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, kampuni ya Premier, iliyoliandaa onyesho hilo, ililazimika kuwatangazia watazamaji kwamba haikuweza kuthibitisha kwamba maiti hizo hazikuwa za wafungwa walioteswa au kuuawa kwa hukumu ya kifo. Huko Paris, onyesho jingine la aina hiyo lilifungwa na mahakama mwaka 2009. Mtu kukosa wa kumzika hakumaanishi kwamba ameridhia kusimamishwa ukumbini akiwa ameshikishwa mpira, na neno “kihalali”, ambalo waandalizi hupenda kulitanguliza, halijibu swali hilo hata kidogo.

Body Worlds nayo haikosi doa. Mwaka 2004, baada ya jarida la Der Spiegel kuandika habari zake, von Hagens alirudisha China maiti saba zilizokuwa na majeraha ya kichwa yaliyotia shaka. Tena, kwa maelezo ya waandalizi wake wenyewe, baadhi ya viungo na vijusi vilitoka katika makusanyo ya zamani ya vyuo vya tiba. Na kijusi, bila shaka, hakiandiki wosia.

Nenda, ila watoto wadogo waandae kwanza kwa mazungumzo nyumbani. Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka kila kisanduku cha kioo kiandikwe, pamoja na jina la kiungo, kama mwenyewe aliridhia au kilirithiwa tu kutoka kabati la chuo.