Jiko la Dunluce lipo, nimeingia mwenyewe

Nyota moja, na hiyo moja ni ya lile jabali lenye magofu ya ngome ya Dunluce, Ireland ya Kaskazini, si ya kampuni ya utalii iliyotupakia kwenye basi dogo kutoka Belfast mwaka juzi hivi, mvua ikitupiga ubavuni.

Hadithi mtapewa njiani hata msipoiomba. Mwaka 1639, usiku wa dhoruba, jiko la ngome ya Dunluce likameguka likatumbukia baharini, wapishi na masufuria yao. Akapona kijana mmoja tu aliyekuwa kajibanza kwenye kona. Mwongozaji akaisimulia mpaka dada wa kiti cha mbele akajishika kifua. Kusimulia anajua, simnyimi haki yake.

Haya, tukashuka. Navuka daraja, naingia uani, nakuta nini? Jiko! Meko ya kuinjikia pilau ya harusi nzima, na tanuri lake. Nikamwita kwa adabu zote: kaka, hili si jiko? Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Umekuja kutembea au kutufundisha historia yetu?" Wenzangu wakaangua kicheko. Kicheko kile kinaniwasha mpaka leo.

Kilichoporomoka ni ukuta wa kaskazini wa jumba la kuishi, tena karne ya 18, wenyewe walishahama kitambo. Kwetu msimulizi akibanwa husema "ndivyo tulivyohadithiwa", yakaisha. Huyu akaona bora anidhalilishe.

Kwa hasira nikalipita lango walipopachika mizinga ya Girona, meli ya Wahispania iliyovunjika jirani mwaka 1588, bila hata kuinua macho. Nikaja kutulia kwenye mnara wa Maeve Roe, binti wa MacQuillan, bwana wa ngome enzi hizo. Wanasimulia babake alimfungia humo kwa kumkataa mume aliyechaguliwa. Akatoroka na mpenzi wake kwa mashua, bahari ikawameza wote wawili. Husemwa mzuka wake ndio unaofagia sakafu ile. Nikaangalia chini: safi, hata jani! Mwili ukanisisimka. Papo hapo, honi. Dakika zetu 25 zimekwisha, jamani.

Nyota moja nimeandika? Ngome haina kosa, ipeni tano. Hata ile hadithi ya jiko, ya uongo, bado nawasimulia watoto. Nitarudi kwa nauli yangu, nishukie Portrush, mji wa jirani, nikae jikoni mle mle nile andazi langu taratibu.