Kuprinti jezi Mwanjelwa: niliomba Šuker nikapewa kitu kingine

Wadau wa Mbeya, kuna kibanda kimoja Mwanjelwa wanaprinti jezi, jina silitaji. Nilipeleka jezi yangu ya Kroatia, ile ya vyumba vyekundu na vyeupe kama bao la drafti, niandikiwe jina na namba 9 mgongoni. Elfu tano, dakika kumi, nikasema freshi.

Dogo kauliza jina gani, nikamwambia Šuker, akasema bro huyo simjui, Kroatia mi namjua Modrić tu. Hapo ndo nilipoharibu, badala ya kumwandikia kwenye karatasi nikaanza stori. Nikamwambia wewe 98 hujazaliwa, sisi tulikuwa tunachungulia tivii ya jirani dirishani Uyole na baridi ile ya Julai, Kroatia ndo Kombe lao la Dunia la kwanza wakampiga Mjerumani 3-0 robo fainali na la mwisho kaweka Šuker, nusu fainali akamtangulia Mfaransa, hata hatujamaliza kushangilia Thuram karudisha, halafu beki huyohuyo kaongeza la pili, niliumia mpaka leo. Mechi ya mshindi wa tatu wakamfunga Mholanzi 2-1, la ushindi lake tena. Goli 6, kiatu cha dhahabu, na mguu wake ni wa kushoto tu! Euro 96 ndo usiseme, Schmeichel mzima, kipa wa Denmark, kabetuliwa mpira ukampita juu anauangalia.

Dogo anaitikia eeh, eeh, huku anakata herufi. Nikatoka kunywa chai, narudi nakuta SUKARI 9. Nauliza nini hiki, ananijibu si ulisema Suka, nikajua ndo a.k.a yako.

Kazi yenyewe sasa, haki ya Mungu ni nzuri. Herufi zimenyooka, nimefua mara nne kwa maji ya moto haijabanduka hata moja, na ndo balaa lenyewe maana tulijaribu kuzitoa tukashindwa. Alinirudishia elfu mbili, na lugha yake nzuri, hakunijibu hovyo. Nampa nyota tatu. Ukienda andika jina kwa herufi kubwa na usibanduke hapo mpaka mashine ifunguliwe, chai utakunywa baadaye.

Jezi naivaa hivyohivyo. Jumamosi nilienda nayo Sokoine, jukwaa zima wananiuliza kilo bei gani.