Methadoni au nyumba ya upataji nafuu?

Kwa mtumiaji wa heroini, methadoni hutuliza arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa za kulevya: kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anawahi kazini. Kero yake ni kwenda kila siku, pengine kwa miaka. Na haimsaidii wa kokeini, bangi wala pombe.

Nyumba ya upataji nafuu, mtu anakoishi kwa muda akiacha ulevi, huwapokea wote, tena humweka mtu mbali na muuzaji wake. Ila ada hulipwa kila mwezi, na kazi inasimama. Ninachokihofia zaidi ni siku ya kutoka: mwili haujazoea tena, akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua.

Mwenye kibarua na familia, ningemwelekeza kwenye methadoni. Anayelala kijiweni penyewe, aondoke hapo kwanza, hata kama methadoni itafuata.